Shule za tiba za England: pauni 61,500 kwa mwaka zinanunua nini?

Nafasi moja katika shule binafsi ya mahitaji maalumu nchini England inagharimu wastani wa pauni 61,500 kwa mwaka. Katika shule ya serikali ya aina hiyo ni kama pauni 23,900. Hizo ni hesabu za Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko, zilizotoka Oktoba 2024, na zinachanganya mahitaji ya kila aina. Ukigawanya ile kubwa kwa siku 190 za masomo, mtoto mmoja anakula karibu pauni 324 kwa siku. Mzazi halipi hata senti: shule ikishaandikwa kwenye mpango wa kisheria wa mtoto, bili inakwenda halmashauri. Kwa bei hiyo, lakini, halmashauri lazima ibane, na mzazi anayekwenda kudai bila kujua anachodai hurudi na karatasi nzuri isiyo na kitu ndani.

Tunachokipima hapa ni huduma yenyewe, si shule moja: shule za kutwa na za bweni za watoto na vijana wenye shida nzito za hisia na tabia, wale ambao shule ya kawaida imewashindwa. Familia nyingi za Waswahili walioko England, kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na pwani ya Somalia, hukutana na shule hizi bila onyo. Hukumu yetu tunaitanguliza: zilizo nzuri ni nzuri kweli, na shule ya kawaida haina cha kuweka mahali pake. Shida ni kwamba jina "shule ya tiba" halilindwi na sheria. Mwenye jengo na usajili wa shule anaweza kuliandika kwenye bango, apake kuta rangi ya samawati, aweke chumba cha mito na taa za kubadilika, basi. Scotland na Wales zina taratibu zao. Yaliyomo humu ni ya England tu, kwa Sheria ya Watoto na Familia ya 2014.

Kwenye makaratasi mtoto huyu huwekwa kundi la SEMH, yaani mahitaji ya kijamii, ya kihisia na ya afya ya akili. Kabla ya 2014 kundi liliitwa BESD, na herufi ya kwanza ilisimama badala ya tabia. Iliondolewa kwa makusudi. Tabia ni moshi; shule inatakiwa itafute moto uko wapi: hofu, kiwewe, lugha isiyokamilika, usonji ambao haujatambuliwa, usingizi mbovu. Fikra hii ni ya zamani kuliko herufi zake. Shule ya Mulberry Bush, iliyoanzishwa 1948 na Barbara Dockar-Drysdale huko Standlake, Oxfordshire, ingali inafanya kazi hiyo. Dockar-Drysdale alishirikiana na Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyekuwa pia mchanganuzi wa nafsi, na hoja yao inaeleweka hata jikoni: mtoto aliyekosa mlezi wa kutegemewa akiwa mchanga hawezi kufundishwa kujizuia kwa adhabu, kwa sababu breki zenyewe hazijafungwa. Kwanza zifungwe.

Siku inavyopaswa kwenda

Siku katika shule nzuri inachosha kuitazama kwa jinsi isivyo na vituko. Mtoto anashuka kwenye gari, anapokelewa na mtu mzima yule yule wa jana, anapata uji au mkate, anaulizwa amelalaje. Dakika ishirini hizo ndizo zinazopima joto la siku nzima. Mwalimu anayezikata ili awahi hesabu atazilipa saa tano asubuhi. Darasa lina watoto sita hadi wanane, mwalimu mmoja na wasaidizi wawili au watatu. Ratiba iko ukutani kwa picha. Kutoka somo moja kwenda jingine hutangazwa mapema, dakika kumi kabla, kisha tano, kisha moja, maana kwa watoto hawa purukushani nyingi huzuka njiani, kati ya jambo na jambo, kuliko ndani ya somo.

Mtoto akilipuka, tazama mambo matatu. Je, sauti ya mtu mzima inashuka au inapanda? Maneno yanapungua au yanaongezeka? Na nani anatolewa darasani? Shule inayojua kazi yake huwatoa wengine na kumwacha aliyevurugika palepale, kwa kuwa kumtoa yeye ni kumgusa, na kumgusa wakati huo ni kumwagia mafuta. Swali la "kwa nini umefanya vile" husubiri mwili upoe, mara nyingi nusu saa na zaidi. Baadaye yeye na mtu mzima wake wanatengeneza kilichoharibika: kiti kinakazwa skrubu, mwenzake anaandikiwa neno. Hiyo nayo ni adhabu ukitaka kuiita hivyo, ila ina faida ya kumfunza kwamba uhusiano uliopasuka hushoneka. Viboko havipo: vilipigwa marufuku shule za serikali tangu 1987 na za binafsi tangu 1999.

Haya yote yanasimama juu ya nguzo moja, nayo ni watu wasiohama. Mtoto aliyezoea kuachwa anahesabu nyuso kila asubuhi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mkuu wa shule lisiwe juu ya bustani wala farasi. Uliza: wafanyakazi wangapi wa darasani wameondoka katika miezi kumi na miwili iliyopita, kati ya wangapi? Leo hii ni wangapi wametoka kwa wakala wa vibarua? Shule yenye wasaidizi ishirini iliyopoteza tisa kwa mwaka haina tiba ya kutoa, hata kama ina mabwawa mawili ya kuogelea. Mkuu anayejibu kwa namba papo hapo, hata namba mbaya, ni afadhali kuliko anayesema "timu yetu imetulia sana".

Hesabu ya dakika saba

Hapa ndipo shule nyingi huanguka, na ni rahisi kuwakamata kwa kalamu na karatasi. Tovuti inasema: "Tuna mtaalamu wa usemi na lugha." Uliza siku ngapi kwa wiki. Tuseme mbili, na shule ina watoto 60. Siku moja ina saa tano za kazi na watoto, mbili ni saa kumi. Ondoa saa tatu za kuandika ripoti, vikao na kuwafunza wasaidizi. Zimebaki saa saba, dakika 420. Gawanya kwa 60: kila mtoto ana dakika saba kwa wiki. Kama mpango wa mtoto wako unasema dakika 45, basi kuna watoto zaidi ya watano ambao hawapati chochote ili yeye apate zake, au, kama ilivyo kawaida, yeye ndiye asiyepata.

Tunataja lugha kwanza kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mtoto asiyeshika maagizo ya sehemu tatu, asiyejua neno la hali aliyo nayo, huonekana mkaidi. Hupewa alama za utovu wa nidhamu miaka mitano kabla mtu hajampima masikio na ufahamu wa lugha. Shule isiyompima kila mtoto anayeingia, hata kama hakuna aliyelalamikia lugha yake, inafanya kazi gizani.

Halafu vyeo. Nchini humo majina kadhaa yanalindwa kisheria na kusajiliwa na baraza la HCPC: mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, wa tiba kazi, wa tiba ya sanaa, ya muziki na ya maigizo, na mwanasaikolojia wa elimu au wa kliniki. Daftari lao liko wazi mtandaoni, bure. Andika jina, uone. Mshauri nasaha na mtabibu wa maongezi hawalindwi hivyo, hivyo kwao uliza chama kinachowatambua. "Mlezi wa ustawi", "kocha wa hisia" na majina ya namna hiyo si taaluma. Anaweza kuwa mtu wa dhahabu, lakini asihesabiwe kama saa ya tiba. Tukiulizwa tuchague, tunachukua shule yenye mtaalamu mmoja wa kweli anayeshinda darasani akiwafunza wasaidizi, kuliko yenye orodha ya tiba nane ambazo kila moja huja Alhamisi mbili kwa muhula.

Vipimo navyo viulizwe. Wengi hutumia Boxall, orodha ya maelezo ya hisia na tabia za mtoto yenye asili katika vikundi vya malezi vilivyoanzishwa London mwaka 1969 na Marjorie Boxall. Ina sehemu mbili, kila moja maelezo 34. Wengine hutumia SDQ, dodoso la maswali 25 kuhusu nguvu na shida za mtoto. Vyote vinafaa. Omba kuona kilichopimwa Septemba kikipimwa tena Machi, na kilichobadilishwa darasani kwa sababu ya namba hizo. Ukionyeshwa grafu ya rangi bila jibu la swali hilo la mwisho, grafu ni ya wakaguzi.

Karatasi: kipengele F

Mpango wa elimu, afya na huduma, ambao kila mtu huuita EHCP, una vipengele kuanzia A hadi K. Mzazi akikosa muda wa vyote, asome vitatu: B (mahitaji), F (huduma ya elimu atakayopewa) na I (shule). Visomwe kwa mpangilio huo, maana I inatoka kwenye F, na F inatoka kwenye B. Hitaji lisiloandikwa B halitapata huduma F, na F nyepesi itahudumiwa na shule yoyote ya karibu na ya bei nafuu.

F lazima itaje nini, nani, dakika ngapi na mara ngapi. Maneno ya kukataa: "atapata fursa ya", "mara kwa mara", "inapohitajika", "atanufaika na", "hadi dakika 30". Hilo la mwisho ni tamu sana. Sifuri nayo iko ndani ya "hadi 30". Maneno ya kudai ni kama haya: "Dakika 45 za tiba ya usemi na lugha, ana kwa ana, kila wiki kwa wiki 38 za masomo, na mtaalamu aliyesajiliwa HCPC, pamoja na saa 6 kwa mwaka za kuwafunza wafanyakazi wa darasa lake." Ukiona tiba ya usemi, tiba kazi au tiba ya sanaa imesukumwa kipengele G cha afya, irudishe. Kifungu cha 21(5) cha sheria kinasema huduma ya afya au ya jamii inayomfundisha au kumzoeza mtoto ihesabiwe kuwa ya elimu. Tofauti si ya herufi: huduma ya F halmashauri inawajibika kuihakikisha kwa kifungu cha 42, bila kisingizio cha kukosa mtu au fedha. Ndiyo maana mtaalamu wa shule akiacha kazi na vipindi vikasimama, barua ya kwanza haiendi kwa mkuu wa shule. Inakwenda halmashauri, yenye tarehe na idadi ya vipindi vilivyokosekana.

Muda wa kisheria ni huu. Ukishaomba tathmini, halmashauri ina wiki 6 za kusema ndiyo au hapana, na wiki 20 tangu siku ya ombi kutoa mpango wa mwisho. Rasimu ikija una siku 15 za kutoa maoni na kutaja shule unayoitaka. Wiki 20 hazifuatwi: mwaka 2024 mipango iliyotoka kwa wakati ilikuwa asilimia 46.4. Andika tarehe kwenye kalenda na ukumbushe kwa maandishi. Mzazi aliye kimya hupangwa mwisho wa foleni.

Ukikataliwa, unakwenda kwenye baraza la rufaa ndani ya miezi 2 tangu barua ya uamuzi, au mwezi 1 tangu cheti cha usuluhishi (karatasi ya kuonyesha kwamba ulifikiria kusuluhishwa kwanza), ipi ije baadaye. Cheti hakihitajiki kama unapinga kipengele I pekee, ingawa kupinga I peke yake bila B na F mara nyingi ni kupanda mlima bila viatu. Hakuna ada ya kufungua rufaa, na mkalimani hutolewa bure. Kila halmashauri lazima pia iwe na huduma ya ushauri ya bure kwa wazazi iitwayo SENDIASS. Ubora wake unatofautiana mji kwa mji, ila anza hapo kabla ya kumlipa wakili.

Jambo moja huwapiga chenga wazazi wengi: shule binafsi ziko za aina mbili. Zilizoidhinishwa chini ya kifungu cha 41 ziko kwenye orodha ya serikali. Mzazi ana haki ya kuiomba, na ikiandikwa kwenye mpango shule lazima impokee mtoto. Zisizo kwenye orodha hiyo unaweza kuzipendekeza, lakini haziwezi kulazimishwa, kwa hiyo ingia kwenye rufaa ukiwa na barua ya shule inayosema nafasi ipo, kuanzia lini, kwa bei gani. Halmashauri italinganisha bei hiyo pamoja na usafiri.

Ziara ya shule

Ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule wa England, isomwe ndani, si kichwa chake. Tafuta mahudhurio, idadi ya watoto walio kwenye ratiba ya nusu siku, na kama wakaguzi walizungumza na watoto. Kisha nenda mwenyewe, na usikubali ziara ya Ijumaa mchana, wakati nusu ya watoto wamekwisha ondoka. Omba Jumanne saa tano asubuhi. Usikae darasani muda mrefu. Simama korido wakati wa kubadilisha vipindi.

Omba muhtasari wa daftari la kushika watoto kwa nguvu, majina yakiwa yamefutwa. Kifungu cha 93 cha Sheria ya Elimu na Ukaguzi ya 2006 kinaruhusu nguvu ya kiasi ili kuzuia madhara, na hakuna shule ya watoto hawa itakayokwambia kwa ukweli kwamba haishiki kabisa. Swali ni mwelekeo. Kila tukio linapaswa kuwa na saa, muda uliotumika, kilichotangulia, kilichojaribiwa kabla ya mikono, majeraha, mazungumzo ya baadaye na mtoto, na saa mzazi alipopigiwa simu. Matukio yakirundikana saa sita kasoro robo, watoto wana njaa au ukumbi wa chakula una kelele, na dawa yake ni kubadilisha foleni, si mafunzo mapya ya mikono. Uliza pia kama kuna mshiko wa kifudifudi. Kumlaza mtu kifua chini huku amebanwa kunaweza kumzuia kupumua, na shule inayoutumia tungeiacha. Chumba cha utulivu? Sawa, mradi mtoto anaweza kutoka mwenyewe. Mtu akishika kitasa kwa nje, hapo ni kufungia, haijalishi mito ni ya rangi gani.

Mchanganyiko wa watoto ni suala ambalo halizungumzwi vya kutosha. SEMH inamkusanya kijana anayerusha viti pamoja na binti ambaye hajatoka chumbani kwake miezi minne kwa hofu. Wengi shuleni ni wavulana. Binti wa aina hiyo akiwekwa na vijana saba wanaolipuka atakaa kimya kabisa, na ripoti itaandika "ametulia vizuri". Uliza darasa atakalokaa lina akina nani: umri, jinsia, namna ya shida zao. Shule isiyoweza kukueleza bila kutaja majina haijafikiria.

Kwa bweni ongeza haya: je, ni wiki 38 au 52? Shule inayomlaza mtoto yeyote zaidi ya siku 295 kwa mwaka lazima isajiliwe pia kama makao ya watoto. Uliza nani anakaa macho usiku, na nani anamsaidia mtoto kupiga simu nyumbani kila jioni.

Yanayoharibika baada ya kuingia

Wiki sita za kwanza mara nyingi ni za asali. Mtoto anapima mazingira, anajizuia, kila mtu anafurahi. Akishaona pana usalama ndipo anapoachia yote. Wenye uzoefu wanaijua wiki ya saba na wanaisubiri. Wasio nao hushtuka na kuandika barua. Hapa ujue tofauti kubwa: kanuni za kufukuza zinazozibana shule za serikali, pamoja na kikomo cha siku 45 za kusimamishwa kwa mwaka, hazizifungi shule binafsi. Hizo zina mkataba na halmashauri, na zinaweza kutoa notisi ya kusitisha nafasi. Uliza kabla: miaka miwili iliyopita mmetoa notisi kwa watoto wangapi, baada ya muda gani, kwa sababu gani? Notisi ikija, omba mapitio ya dharura ya mpango siku hiyo hiyo, usisubiri yale ya kila mwaka.

Kuanza kwa nusu siku si kosa. Kosa ni nusu siku isiyo na tarehe ya kuisha. Itaandikwa "hadi atakapokuwa tayari", na Pasaka inafika mtoto bado anarudi nyumbani saa sita huku halmashauri ikilipa siku nzima.

Na teksi, jamani. Shule hizi ziko mbali, watoto wengi husafirishwa kwa teksi za halmashauri, na teksi ndiyo kipindi cha kwanza cha siku. Mwongozo wa serikali ni dakika 45 kwenda kwa mtoto wa msingi na 75 kwa wa sekondari. Zaidi ya hapo anafika amekwisha. Dai msindikizaji kwa maandishi ukieleza kwa nini, dai dereva asiyebadilika, na umpe ukurasa mmoja: anaitwaje nyumbani, redio iwashwe au izimwe, asiulizwe nini, akianza kupiga teke dirisha gari lisimame wapi. Mikataba mingi ya madereva hubadilika Septemba, ndiyo maana wiki ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo huvurugika hata kwa mtoto aliyemaliza Julai akiwa salama. Piga simu ofisi ya usafiri katikati ya Agosti uombe jina la dereva, na mtoto akutane naye mlangoni kabla ya siku yenyewe.

Kwa nyumba zinazozungumza Kiswahili

Sheria, kifungu cha 20(4), inasema mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani si ya shuleni. Ni ulinzi mzuri unaokata pande mbili: mara nyingine shida halisi ya lugha hufunikwa kwa "Kiingereza bado kinakuja" miaka sita mfululizo. Dai apimwe katika lugha zote mbili. Kama Kiswahili chake kinalegea vilevile kama Kiingereza, hilo ndilo jibu.

Mkalimani asiwe dada wala kaka yake. Taja unatoka wapi, kwa kuwa mama wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana kwenye kikao kizima wakitikisa vichwa kwa adabu. Angalia neno "wasiwasi": kwetu linabeba hofu, shaka na kutoamini kwa pamoja, na mkalimani akichagua la mwisho, ripoti itaandika kwamba mtoto anawashuku watu. Ni salama kueleza kinachoonekana: "halali kabla ya saa nane usiku", "hujigonga kichwa ukutani mara tatu kwa wiki", "akisikia mlango ukibamizwa hujificha chini ya meza". Na kama umemlea kuinamisha macho mbele ya wakubwa, mwambie mpimaji mapema, maana fomu zao zina kisanduku cha kutotazama watu machoni.

Wapo wanaosema bora apelekwe bweni Tanga au Nakuru akanyooke, samaki mkunje angali mbichi. Wajue kwamba mpango ni wa mtoto anayeishi England. Akihamia nje, halmashauri inaweza kuufunga, na akirudi mnaanza ukurasa wa kwanza, safari hii akiwa na umri wa miaka kumi na tano.

Mitihani, na baada ya miaka 16

Upande wa masomo shule hizi tunazipa alama za wastani tu. Uliza mitihani gani ya GCSE (ile ya miaka 16) ilifanywa mwaka jana, si ile "inayotolewa". Vyuo vingi hutaka daraja la 4 (9 ndilo la juu, 1 la chini) la Kiingereza na hesabu kwa kozi nzuri. Muda wa ziada wa asilimia 25, msomaji au chumba cha peke yake havitolewi kwa huruma: shule lazima ionyeshe ndivyo mtoto anavyofanya kazi siku zote, kwa hiyo utaratibu huo uanze miaka miwili kabla, si wiki ya mtihani.

Baada ya 16 mambo hupungua ghafla. Mpango unaweza kuendelea hadi miaka 25, lakini shule nyingi huishia 16, na usafiri wa bure hauji tena wenyewe. Halmashauri lazima ikamilishe kuandika taasisi inayofuata kabla ya 31 Machi ya mwaka wa kuhama. Kwa anayetoka msingi kwenda sekondari ni 15 Februari. Mapitio ya Mwaka wa 9, mtoto akiwa na miaka 13 au 14, ndiyo ya kuanza kuuliza chuo gani, nani atamsindikiza, na ziara ngapi za kukizoea ziandikwe F. Anayesubiri Mwaka wa 11 hukuta madarasa madogo ya vyuo yamejaa kufikia Oktoba.